Kabla ya kutoa kamera, pima upepo

Ndege wengi huanza kuruka wakielekea upepo unakotoka, hasa wakubwa kama korongo na tai. Kwa hiyo ukitaka picha ya ndege anayekujia uso kwa uso, simama upepo ukikupiga mgongoni. Ukikaa upande wa pili utarudi na picha za mikia tu (ninazo nyingi). Weka kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) iwe 1/2000 ya sekunde au ya haraka zaidi, fokasi iwe jichoni, kisha mtazame: akijikunyata, akanyoosha shingo, akanya, mara nyingi ndiyo anaondoka. Anza kubonyeza hapo hapo, usisubiri mabawa yafunguke.

Kwa wanyama mambo hugeuka. Swala akinusa harufu yako umeshamkosa, hivyo ukiwa umejificha upepo ukupige usoni. Ukiwa kwenye gari, zima injini kwanza. Mtetemo wake huharibu picha hata kama huusikii mkononi. Lenzi ndefu ilaze dirishani juu ya kifuko cha maharage au mchele. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari ni usumbufu mtupu.