Redio ya Ndani kwa Wafanyakazi wa Mashamba ya Maua

Mvunaji wa waridi katika vivungulio (nyumba za plastiki za kukuzia mimea) vya Naivasha, Kenya, hana meza wala kompyuta, na mikono yake ina kazi tangu asubuhi, hivyo tangazo lililobandikwa ofisini humfikia likiwa limekwisha kuwa uvumi. Redio ya ndani inaweza kuondoa kasoro hiyo, mradi imtumikie msikilizaji kabla ya kumtumikia meneja.

Kwa mwanzo, vipaza sauti vya waya katika ukumbi wa kupakia maua, kantini na kituo cha mabasi vinatosha. Kurusha matangazo kwa masafa ya FM kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na muziki unaopigwa kazini nao unahitaji kibali cha hakimiliki. Usifunge vipaza sauti mahali ambapo honi ya gari la mizigo lazima isikike.

Jambo kubwa ni maudhui. Kipindi cha dakika tano kabla ya zamu kitaje vivungulio vilivyonyunyiziwa dawa na saa ambayo watu wataruhusiwa kuingia, ingawa tangazo hilo kamwe lisichukue nafasi ya alama ya onyo mlangoni. Makato ya mshahara yaelezwe kwa hesabu: tangu Oktoba 2024, mchango wa bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75 ya mshahara, kwa hiyo anayelipwa shilingi 16,000 hukatwa 440. Mfano kama huo huwafaa watu kuliko hotuba ndefu ya mkurugenzi. Saa za ziada za kuelekea Februari 14, maua yanapohitajika kwa wingi, zitangazwe mapema ili wazazi wapate wa kuwaachia watoto.

Mtangazaji atoke miongoni mwa wafanyakazi wenyewe, naye awe na uhuru wa kusoma maswali yaliyotumwa kwa simu na kuyajibu katika kipindi kinachofuata, hata pale jibu la uongozi linapokuwa ni kukataa. Malalamiko ya unyanyasaji, hata hivyo, yasisomwe hewani. Yapelekwe kwa siri kwa kamati husika au kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Kila wiki, waulize wafanyakazi wachache wa zamu tofauti walichokisikia. Wasipoweza kukieleza, punguza habari na uzirudie mchana, wakati wa chakula.