Kagua duka au godauni lako kwanza, kamera baadae

Wakuu, mtu akishaibiwa kitu cha kwanza anachokimbilia ni kamera. Fundi anakuja mchana kweupe anafunga nane anaondoka, mwizi akirudi unabaki na video ya mtu kavaa kofia. Mimi kazi yangu ni ulinzi na nawaambia kamera iko karibu na mwisho kabisa, kinachoamua ni muda.

Hatua ya 1: andika unalinda nini. Usiandike "mali", andika droo ya pesa, simu za kwenye shelfu, mafuta ya jenereta. Kila kimoja kina mwizi wake na njia yake.

Hatua ya 2: zunguka nje usiku, saa nane hivi, umeme ukiwa umekatika ndo vizuri zaidi. Angalia mti uliosimama karibu na ukuta, angalia kwa jirani anayejenga kaacha ngazi. Na tazama juu jamani! Mtu anaweka mlango wa chuma mzito alafu paa ni bati geji 30 bila dari, mwizi anang'oa misumari anashuka zake.

Hatua ya 3: mlango. Kufuli kubwa halisaidii kama kile kichuma kinachopokea kufuli kimeshikwa na skrubu ambazo vichwa vyake viko nje, mtu anazifungua na kufuli lako linabaki zima limefungwa vile vile. Bawaba nazo, pini ikiwa nje ichomelewe.

Hatua ya 4, hii ndo yenyewe, msiiruke. Kadiria kila kizuizi kinamchelewesha mwizi dakika ngapi. Tuseme grili dakika 4, mlango wa ndani 3, kubeba mali 2, jumla 9. Gari la kampuni ya ulinzi linafika kwa dakika 7, unajiona uko salama si ndio? Sasa sensa yako, kile kifaa kinachogundua mwizi na kupiga alamu, iko wapi? Kama iko mlango wa ndani na inalia mlango ukishafunguka, zile dakika 7 za grili na mlango zimeshaliwa hakuna aliyejua, zimebaki 2 tu. Muda unaanza kuhesabiwa pale mwizi anapogundulika, kabla ya hapo grili haijakusaidia kitu. Sogeza sensa nje, iwe kwenye grili au hata kabla ya grili, vizuizi vibaki nyuma yake. Vyuma ni vile vile, pesa kidogo, ila sasa una dakika 9 dhidi ya 7.

Hatua ya 5: ndo tunakuja kwenye kamera. Kumtambua mtu usiyemjua unahitaji kama piksel 250 (zile nukta ndogo zinazounda picha) kwa kila mita ya upana wa eneo ambalo kamera inaliona. Kamera ya 1080p ina piksel 1920 kwa upana, gawanya, unapata mita 7.7 hivi, kwahiyo ukiitaka ionyeshe yadi nzima ya mita 30 usitegemee sura. Iweke moja mlangoni, chini kidogo, usawa ambao kofia haizibi uso. Diski nayo pigeni hesabu, kamera inayorekodi 4 Mbps (megabiti 4 kila sekunde) muda wote inakula GB 43 kwa siku, kwahiyo kamera nne kwenye diski ya TB 1 hazifikishi hata siku 6, na wengi wanagundua wizi wa stoo mwisho wa mwezi wakati wa kuhesabu mzigo. Na futeni utando wa buibui kwenye lenzi, usiku taa za infraredi za kamera (mwanga usioonekana kwa macho) zinaumulika unakuwa ukuta mweupe na alamu inalia mpaka mlinzi anaizima.

Hatua ya 6: mlinzi. Mpe taa, choo, namba za kupiga na vocha, na muambie kazi yake ni kuona na kuita msaada, asiende kupambana na watu wenye mapanga peke yake na rungu.

Ukimaliza fanya jaribio, mwambie msimamizi akutolee video ya mlangoni saa tisa usiku ya wiki iliyopita. Akishindwa kuitoa, au saa kwenye picha haiendani na saa halisi, anza kurekebisha hapo leo leo.