Namna ya kupima pakiti za unga zinazopunja na kuzifikisha kwa Wakala wa Vipimo

Usifungue pakiti. Ikishafunguliwa, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hukuchota vijiko viwili vitatu, na lalamiko lako limekufa hapohapo. Mfano wetu ni sembe ya kilo 2, Tanzania.

1. Tenga pakiti 10 za bechi moja, yaani zilizozalishwa pamoja. Moja peke yake haisemi kitu. Chagua zilizotoka kiwandani karibuni, maana unga uliokaa muda mrefu hukauka na kupungua, na huo ndio utetezi wa kwanza utakaousikia. Tunza risiti, piga picha lebo pande zote.

2. Tafuta mzani unaofaa. Uwe na stika hai ya Wakala wa Vipimo na usome kwa gramu 1 au 2. Mizani mingi ya dukani ya kilo 30 huruka kwa gramu 5 au 10, nasi tunatafuta upungufu wa gramu 20 hivi. Zima feni, upepo wake huchezesha namba. Weka pakiti ileile katikati, kisha kwenye kila kona. Namba zikipishana, achana na mzani huo.

3. Toa uzito wa mfuko. Hapa ndipo watu wanapopunjwa bila kujua. Uzito halisi kwenye lebo ni wa unga mtupu. Kiwanda kikijaza mpaka mzani usome gramu 2,000 pamoja na mfuko wa gramu 20, wewe umepata 1,980. Kusanya mifuko mitupu ya chapa hiyohiyo, ikung'ute hadi kwenye mikunjo ya chini, ipime kwa pamoja, gawanya kwa idadi yake.

4. Piga hesabu mbili. Pendekezo R 87 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, linavumilia pakiti mojamoja ya kilo 1 hadi 10 ipungue asilimia 1.5, kwa kilo 2 ni gramu 30. Ila wastani wa mzigo mzima usishuke chini ya uzito ulioandikwa. Pakiti zako zote zikiwa 1,980, kila moja inapita, wastani unaanguka. Anayejitetea kwamba "zipo ndani ya kiwango" amesoma kanuni moja akaiacha ya pili. Kwa pakiti 5,000, hizo ni kilo 100 za unga zilizolipiwa na hazikufika jikoni kwa mtu.

(Mafuta ya kula ni habari nyingine: lita 1 ina uzito wa gramu 920 hivi, usidhani umeibiwa.)

5. Peleka panapohusika. Uzito na ujazo ni wa Wakala wa Vipimo, ofisi ya mkoa wako. Viambato visivyo vya kweli au tarehe iliyochezewa, nenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ukikuta stika ya tarehe imebandikwa juu ya nyingine, usiibandue. Ielekeze kwenye mwanga uipige picha.

Mkaguzi atachukua sampuli yake mwenyewe, na hiyo ndiyo itakayosimama mahakamani. Namba zako kazi yake ni kumwonyesha pa kwenda, kwa hiyo mpe jina la duka na bechi siku hiyohiyo, mzigo ungali kwenye rafu.