Satelaiti ikiingia hali ya usalama, msikimbilie kuitoa

Satelaiti ikishajigeuza kuelekea jua na kuzima vifaa visivyo vya lazima ili kujilinda inapohisi hitilafu, imewapa muda. Utumieni. Hakikisheni kwanza betri zinachajiwa na joto liko ndani ya mipaka. Kabla ya kuamua kifaa fulani ni kibovu, tafuteni vipimo viwili visivyotegemeana vinavyosema jambo lile lile.

SOHO, chombo cha kuchunguza jua, ilipotea Juni 1998 kwa kurukwa hatua hiyo. Jairoskopu (kifaa kinachopima mzunguko wa chombo) B ilionyesha mzunguko ambao jairoskopu A haikuuona. Timu ikaamua B ni mbovu, ikaizima. Kumbe A ndiyo iliyokuwa imesimama, kwa sababu ya mfuatano wa amri uliorekebishwa ili kuipunguzia uchakavu. Roketi ndogo za mwelekeo zikaendelea kuwaka kwa kufuata kipimo cha A kisicho hai, chombo kikazidi kuzunguka, mawasiliano yakakatika. Kuhakiki tu kama A inazunguka kungetosha, na chombo kiliundwa kukaa salama angalau saa 48 bila kuguswa kutoka ardhini! Kilichowasukuma ni ratiba.

Kila amri iliyorekebishwa ipitiwe na mtu ambaye hakuiandika, kisha ijaribiwe kwenye simuleta, yaani programu inayoiga chombo, mpaka ndani ya hali ya usalama yenyewe, maana kosa la aina hii hulala kimya siku zote za kawaida. Kwenye zamu, neno la mwisho kuhusu jairoskopu apewe mhandisi anayezijua, hata kama ni mdogo kwa cheo, na yeyote mezani aweze kusema "simama" amri isitumwe.