Ukijua kuhesabu baa, unaweza kuwa prodyuza na mtangazaji

Wadogo zangu wanaochana, yaani wanaorap, huniuliza nilivyotoka kwenye maiki nikaingia kwenye kutengeneza biti (midundo ya nyimbo), kisha redioni. Wengi wanadhani siri ni kujuana na watu. Kujuana kunasaidia, sikatai, lakini kama kweli unachana, mtaji unao tayari: hesabu ya baa, vile vipande vya mapigo vinavyogawa wimbo.

Chukua biti ya BPM 90, yaani mapigo 90 kwa dakika, mwendo wa hip hop nyingi za kizamani. Baa moja ina mapigo manne, kwa hiyo inachukua sekunde 2.7 hivi. Ubeti wa baa 16 unaisha kwa sekunde 43, na baa 8 za mwanzo, kabla mtu hajafungua mdomo, ni sekunde 21. Hesabu hizo zishike mpaka usiwe na haja ya saa.

Kwenye studio usikimbilie kununua vyombo. Kompyuta moja, hedifoni zinazofunika sikio, maiki ya kondensa na kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) vinatosha kuanzia. Chumba kivalishe mablanketi mazito. Mdomo ukae shibiri moja hivi kutoka kwenye maiki, na katikati wamba soksi nyepesi ya kike kwenye waya ili "p" na "b" zisipige bomu. Mwambie msanii achane kwa nguvu zake zote, kisha upunguze sauti inayoingia mpaka taa nyekundu ya kuonya kuwa sauti imezidi isiwake hata kwenye neno kali kuliko yote.

Kwenye kupanga biti ndipo rapa anapomshinda prodyuza ambaye hajawahi kuchana. Kiswahili kina silabi nyingi. "Nitakapokuambia" peke yake ina nane. Ukijaza kinanda, gitaa na filimbi chini ya ubeti, mistari inazama. Mimi kwenye ubeti huacha ngoma na besi tu, kinanda kinarudi kwenye kiitikio. Mstari mzito ukikaribia, nazima kila kitu kwa nusu baa, sauti ya mtu ibaki peke yake, kisha kiki, yaani ngoma nzito ya chini, inarudi kwenye pigo la kwanza. Jaribu hilo kwenye baa ya 15 ya ubeti wowote ulio nao, utasikia tofauti papo hapo. Kwenye vokali, yaani sauti ya anayechana, kata masafa ya sauti yaliyo chini ya Hz 80. Huko hakuna maneno, kuna mngurumo wa feni tu.

Ukimaliza, toa matoleo manne: kamili, la redio lisilo na matusi, biti tupu, na vokali peke yake. Na kabla msanii hajatoka mlangoni, andikeni nani ana asilimia ngapi, wote msaini, kisha kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kushika kazi mbili au tatu si jambo geni kwenye fani hii. Kurtis Blow, rapa wa Marekani aliyetoa "The Breaks" mwaka 1980, ndiye aliyewatengenezea kundi la Fat Boys kazi zao za mwanzo, na miaka ya 1990 akaendesha kipindi cha nyimbo za kizamani kwenye redio Power 106 ya Los Angeles. Hapa Dar, Bonny Luv alikuwa DJ na huku anarekodi watu Mawingu Studio. Kundi la rap la Kwanza Unit liliungana 1993, mwaka ule ule ilipopita sheria iliyofungulia milango redio binafsi. Radio One ikaja 1994, na rap ya Kiswahili ikapata pa kusikika.

Sasa redioni. Umepewa wimbo wenye baa 8 za mwanzo. Anza kuongea baa ya pili, nyamaza mwisho wa baa ya saba, baa ya nane iachie muziki. Kwa BPM 90 ile, una sekunde 16, yaani maneno thelathini hivi. Kwa mfano: "Saa mbili na dakika kumi usiku. Wimbo huu umetoka kwenye kaseti ya msikilizaji wetu wa Keko, ameitunza tangu yuko sekondari. Sikiliza besi inavyoingia, halafu niambie kama unakumbuka nani anaimba kiitikio." Hesabu baa kwa kidole mezani huku unaongea. Kumfunika rapa mstari wake wa kwanza ni kumkosea heshima, na wewe unajua mstari ule ulimgharimu nini.

Nyimbo ulizotengeneza mwenyewe usizipange wewe. Mwachie mkuu wa muziki wa kituo aamue, na hela ya kupigia wimbo usipokee hata ya soda. Wasikilizaji wakishahisi kipindi kinauzwa, hawakuamini tena, hata unapowaletea kitu kizuri.

Kaseti za zamani zitafute kwa bidii. Inaniuma sana kuona kazi za watu zinaoza kwenye maboksi. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, ipeleke kaseti mbele na kuirudisha mara moja ili ilegee, kisha irekodi upande mzima bila kukatisha, kwa faili la WAV la biti 24 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa faili, si mdundo). Halafu mpigie aliyekupa, umuulize nani alitengeneza biti, kwa mashine gani, na nani alikuwa kwenye kiitikio. Andika majina hayo kwenye jina la faili, na kila ukipiga wimbo huo yataje hewani.