Daftari la pembeni: namna ya kuandika riwaya huku unajitilia shaka

Utahitaji madaftari mawili. Moja, au kompyuta, ni la riwaya yenyewe. La pili ni la kuandika kila siku umefika wapi, umekwama wapi, umeona nini njiani, na kile kisauti kinachokuambia unapoteza muda. Hili la pili ndilo tunalolizungumzia hapa. Kazi yake ni kuitoa shaka kichwani na kuitafutia ukurasa. Shaka yenye ukurasa inarekebishika. Isiyo na ukurasa, mara nyingi haihusu riwaya kabisa.

Nunua kaunta buku ya kurasa 192, ile wauza madaftari wanaiita kwaya mbili. Jalada lake gumu linakuruhusu kuandikia magotini, kwenye benchi la stendi, hata ndani ya kosta ya Arusha wakati inasubiri abiria. Ikishaondoka usijaribu, rekodi sauti kwenye simu, unakili jioni. Tumia peni ya kawaida. Zile za jeli zinateleza vizuri, lakini tone moja la mvua linaugeuza mstari mzima kuwa doa la buluu, na masika ya Moshi, Machi hadi Mei, hayalionei huruma begi la kitambaa. Daftari usiliweke sakafuni wala kwenye rafu ya mbao iliyogusa ukuta, kwa sababu ya mchwa. Kila Jumamosi piga picha kurasa za wiki ujitumie kwa barua pepe.

Hesabu kwanza

Miongozo mingi ya uandishi imetungwa kwa Kiingereza na inadai maneno elfu moja kwa siku. Kiswahili hakihesabiki hivyo. "Nisingemwambia" ni neno moja. Mwingereza atahitaji matano au sita. Maneno 300 ya Kiswahili ni kazi kamili ya asubuhi moja, na anayejilazimisha 1,000 atajaza ukurasa kwa "kwa kweli" na "hata hivyo" ili afike.

Halafu punguza siku. Jumapili ni ya kanisa na wageni. Katika wiki ya kawaida patakuwa na msiba, au kikao cha harusi, au kipaimara, au mtoto kaamka na homa. Ukipanga siku sita utapata nne, na zile mbili ulizozikosa zitakusuta kuliko nne ulizofanya. Panga nne tangu mwanzo: 300 mara 4 ni 1,200 kwa wiki, na riwaya ya maneno 50,000 itahitaji wiki 42 hivi. Iandike hesabu hiyo upande wa ndani wa jalada. Shaka nyingi za anayeanza ni hesabu mbovu tu: alijiahidi miezi mitatu, mwezi wa nne ukafika, akaamua hana kipaji.

Saa nzuri ni kumi na moja alfajiri hadi kumi na mbili na robo, kabla ya hodi ya mtu wa maziwa na kabla ya watoto kuanza kutafuta soksi. Juni hadi Agosti baridi inakamata vidole. Jifunge kitenge mabegani, weka chupa ya chai karibu. (Mkoa mzima unasifika kwa kahawa, lakini chupa ya mezani katika nyumba nyingi ni ya chai.) Anayefanya kazi za zamu achague saa nyingine, ila asiibadilishe kila siku. Ukiulizwa unafanya nini alfajiri yote hiyo, sema una kazi ya kukabidhi. Ukisema unaandika riwaya utaulizwa italipa lini, na swali hilo utatembea nalo wiki nzima.

Mistari mitano

Baada ya kumaliza maneno ya siku, na si kabla, fungua daftari la pembeni kwa dakika kumi. Linajazwa hivi (Mama Neema ni mhusika wa riwaya):

"Jumanne, 11:05 hadi 12:10. Maneno 270.
Nimeishia: Mama Neema ameshika kitasa, hajafungua.
Kesho: anafungua. Anamkuta nani?
Shaka: sura ya 6 inafanana na ya 4, wote wamekaa sebuleni wanaongea.
Kitu: soko la Mbuyuni, muuza ndizi amepanga mishare upande wake na kisukari upande wake, kafunika kwa jani la mgomba, ananyunyizia maji kwa vidole kama anayebariki."

Mstari wa saa na idadi usiupambe. Ukiandika 270 iwe 270, kwa sababu baada ya miezi miwili ndio utakaokujulisha kama umezidiwa au unajionea huruma tu.

"Nimeishia" una siri yake: simama katikati ya tendo, usisimame mwisho wa sura. Anayefunga sura saa kumi na mbili asubuhi anaamka kesho yake mbele ya karatasi tupu, na hapo ndipo shaka inapopenda kukaa. Anayemwacha mtu ameshika kitasa ana cha kufanya kabla akili haijaamka sawasawa. "Kesho" uwe na swali moja. Ukiandika mpango wa nusu ukurasa utajikuta umeshaisimulia hadithi na hamu imekwisha.

"Kitu" ni kitu kimoja ulichokiona, ukasikia au kunusa siku hiyo, kikiwa na umbo lake. "Sokoni palikuwa na watu wengi" haifai, maana ni kweli kwa kila soko. Mkono unaonyunyizia maji unafaa. Kwa miezi kumi utakuwa na vitu mia na sitini, na siku sura inapokauka utavua humo.

Hapa niseme neno kuhusu mlima. Anayeandika riwaya ya Moshi anavutwa kuuanza ukurasa wa kwanza na Kilimanjaro, theluji, jua, utukufu. Ukiandika mita 5,895 umeandika kitabu cha jiografia. Mkazi wa Pasua au Rau, hapa Moshi, anautazama mlima anavyotazama saa ya ukutani: uko wazi alfajiri, mawingu yanaufunika kadiri siku inavyopanda, jioni pengine kilele cha Kibo kinachungulia tena dakika chache. Andika kwenye "Kitu" mlima ulikuwaje na ilikuwa saa ngapi, siku kumi tofauti, kisha tumia siku moja tu kati ya hizo.

Kuipa shaka ukurasa

Iandike shaka kama ilivyokuja, na ukali wake: "Sura hii ni takataka." Usiilainishe. Kisha uliza: ukurasa gani? Fungua riwaya, soma kwa sauti hadi ulimi ukwame, weka alama hapo. Sasa iandike upya ukitumia jina la mhusika na alama ya kuuliza: "Uk. 71: kwa nini Mama Neema anamjibu shemeji yake kwa upole wakati asubuhi alimnyima chumvi?" Hilo linajibika. Pengine anamhitaji jioni amsindikize mahali. Pengine mwandishi alisahau chumvi. Liandikie "Jumamosi" pembeni, uendelee na sura ya leo.

Usirekebishe papo hapo. Anayerudi nyuma kila asubuhi huishia na sura tatu zinazong'aa na riwaya isiyokuwepo. Jumamosi jioni chukua dakika ishirini na peni nyekundu, pitia shaka za wiki zenye ukurasa, zitengeneze au zikate. Utashangaa ngapi zimeshajifia zenyewe kwa sababu sura iliyofuata imezijibu.

Shaka ikikosa ukurasa hata baada ya kutafuta, andika badala yake mambo manne: nimelala saa ngapi, nimekula nini, nadaiwa nini, nimegombana na nani. Baada ya wiki nne zipange pamoja uzisome. Mara nyingi "sina kipaji" itaonekana imefuata usiku wa mkesha wa msiba, au wiki ya ada ya Januari, au siku umeme umekatika na kurasa mbili zimepotea kwenye kompyuta isiyohifadhiwa. Hapo dawa ni usingizi, au kujifunza kubonyeza kitufe cha kuhifadhi kila aya. Na shaka inayokuja na maumivu ya viungo, ipeleke ikapimwe malaria kwanza.

Iko shaka moja inayowauma waandishi wa bara kuliko wa pwani: "Kiswahili changu si Kiswahili." Hii ina kurasa, tena nyingi, kwa hiyo ishughulikie kwa utaratibu. Tenga kurasa kumi za mwisho za daftari, zigawe safu mbili. Kushoto andika neno au ngeli uliyoitilia shaka, kulia ulichokikuta kwenye kamusi. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), iliyotoka 2015, inatosha kwa kazi nyingi, na usiponunua yako ulizia maktaba ya mkoa. Kisha tenganisha anayesimulia na anayesema. Msimulizi wako wa Kiswahili sanifu ataandika "ng'ombe wangu". Mzee wa Kibosho, huko mlimani, akisema "ng'ombe yangu", muache aseme, na asahihishwe na mjukuu wake kama hadithi inataka ugomvi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 ilitafuta lugha ya vitabu vya shule. Haikumtafutia bibi wa Kibosho namna ya kuomba chumvi. "Aika" moja, yaani asante ya Kichagga, mdomoni mwa bibi huyo inafanya kazi kuliko aya nzima ya kueleza yeye ni nani. Ya pili inavumilika. Ya tano ni maonyesho.

Shaka nyingine ya hapa kwetu ni ya majina. Kwa msomaji wa Moshi jina la ukoo si jina tu. Analisikia na papo hapo anakisia ni wa upande gani wa mlima na ameoa wapi. Ukimpa mhusika mlevi jina la ukoo la jirani yako, hutaeleweka hata ukiapa. Tumia Mama fulani na Baba fulani kadiri hadithi inavyoruhusu, na jina la ukoo lije pale tu linapofanya kazi. Kwenye daftari la pembeni pia, watu halisi waandike kwa herufi moja. Daftari huachwa mezani, na nyumba zetu zina wasomaji wasioalikwa.

Katikati

Kati ya maneno 15,000 na 25,000 jiandae. Maswali ya mwanzo yamejibiwa, mwisho hauonekani, na ghafla linakuja wazo la riwaya nyingine, tamu kuliko hii. Liandike ukurasa wa nyuma kabisa, tarehe na mistari mitano, ulifunge. Kisha fanya mawili. Andika tukio la mwisho la riwaya kwa maneno 300 mabovu, ili ujue unaelekea wapi, utalibadilisha, haidhuru. Halafu orodhesha wahusika na kila mmoja anafanya nini kisichofanywa na mwingine. Mashangazi wawili wanaotoa ushauri uleule ni shangazi mmoja. Kuunganisha watu wawili huamsha riwaya iliyolala haraka kuliko kuongeza ajali ya pikipiki, ambayo ndiyo tiba wanayoikimbilia wengi.

Daftari lenyewe nalo linaweza kuharibika. Likizidi ukurasa mmoja siku tatu mfululizo huku riwaya ina maneno 40, unakimbia kazi: rudisha dakika kumi kwa kutegesha simu. Ukianza kulisoma asubuhi kabla ya kuandika, shaka ya jana itaketi kwenye kiti chako. Asubuhi soma "Nimeishia" na "Kesho" basi. Na ukijikuta unaandika sentensi nzuri-nzuri humo, kama za kuja kuchapishwa, umeshaanza kudanganya.

Kuhusu kuwaonyesha watu: ngoja rasimu iishe. Kisha kurasa kumi zilizochapwa, kwa mtu asiye mwenza wako, na maswali matatu: ulichoka wapi, nani humwamini, ulitaka kujua nini zaidi. Sura za kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp hurudi na vidole gumba, na kidole gumba hakina ukurasa.

Desemba usijidanganye. Kuanzia tarehe 20 hivi, waliotawanyika wanarudi, nyumba ya kihamba, shamba la ukoo kule mlimani, inajaa, mbuzi anachinjwa, na meza ambayo ungeandikia imewekwa sufuria. Ondoa wiki mbili kwenye hesabu yako mapema, riwaya ibaki mjini, beba kaunta buku peke yake. Jaza mstari wa "Kitu" tu, hata vitatu kwa siku: nani kakaa karibu na nani, nani kagawa nyama, kisusio, ile supu ya damu, kilimwagika wapi, shangazi alinyamaza jina gani lilipotajwa. Tarehe 3 au 4 Januari, usianze kwa kusoma sura nzima uliyoiacha. Utaichukia, kwa sababu umeisahau. Soma "Nimeishia" na "Kesho" za tarehe 19, andika maneno 100 badala ya 300 kwa siku mbili za kwanza, na siku ya tatu urudi kwenye kiwango chako.