Somo: Kumfidia mtoto masomo aliyoyakosa shule zilipofungwa

Uganda ilifunga shule Machi 2020, na wanafunzi wote wakarudi 10 Januari 2022. Katikati watahiniwa waliitwa, wengine wakaitwa kwa zamu, kisha Juni 2021 milango ikafungwa tena. Nilikuwa nafundisha P5, yaani darasa la tano la msingi, hapa Busia, upande wetu wa mpaka na Kenya. Watoto walipandishwa darasa bila mtihani, nami nikaanza mada ya kwanza ya mtaala uliofupishwa. Wiki mbili nikaufundishia ukuta. Haya ndiyo niliyofanya baadaye, na bado nayafanya mtoto akikosa muhula kwa ugonjwa au kwa ada.

1. Mpime, ila si kwa mtihani wa darasa lake. Mtihani wa P5 utakuambia amefeli. Hautakuambia aliachia wapi. Mwite peke yake dakika tano: herufi, maneno, sentensi, halafu aya fupi ya kiwango cha P2. Anapokwama ndipo pa kuanzia. Kwenye hesabu panda vivyo hivyo, kuanzia kutaja namba hadi kugawanya. Usimsahihishe wala kukunja uso. Andika tu.

2. Litazame kosa lenyewe. Hapa ndipo wengi tunapita mbio. Kijana mmoja aliniandikia 52 − 37 = 25. Muda wote wa kufungwa alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha stendi. Nikamwuliza: mayai matatu, kila moja 500, mteja kakupa noti ya 5,000? "Elfu tatu na mia tano," hata hakupepesa macho. Kutoa alikujua, ila si kwa kalamu. Daftarini alichukua namba ndogo akaitoa kwa kubwa popote ilipo: saba toa mbili, tano, tano toa tatu, mbili.

Nikampa mafungu matano ya vijiti kumi kumi, na viwili vya pembeni. Nikamwambia anipe saba. Akavitazama vile viwili, akanitazama mimi, kisha akafungua kamba ya fungu moja. Siku nne baadaye vijiti alikuwa haviulizii tena. Ningempa mazoezi mia, angekosa yote mia kwa namna ile ile.

3. Wapange kwa kiwango. Saa moja kila asubuhi tulichanganya P4 hadi P6: wa herufi huku, wa aya kule. India wanafanya hivi miaka mingi, si ujanja wangu. Vikundi tuliviita kwa majina ya ndege. Watoto waligundua siku ya pili nani yuko wapi, bila shaka, lakini angalau hakuna aliyeitwa mjinga. Kila wiki tatu pima tena, aliyeiva ahame.

4. Usisahau lugha. P1 hadi P3 husomeshwa kwa lugha ya eneo, na P4 ndiyo ya kuvukia Kiingereza. Wengi wao P4 waliisikia redioni tu. Nilieleza kwa Kisamia, au Kiswahili kwa wale wa sokoni, ndipo tukafungua kitabu cha Kiingereza. Mkubwa mmoja alininunia muhula mzima kwa hilo.

5. Chagua cha kuacha. Hisabati inajengana, usiruke. Sayansi na maarifa ya jamii zina mada nyingi zinazosimama peke yake. Hizo atazisoma baadaye.

Maswali niliyoulizwa

*Mama, Malaba: Mwalimu, wangu yuko P7 na PLE, mtihani wa kumaliza msingi, ni Novemba. Nimrudishe P6?*
Mpe aya ya P4 ya Kiingereza, akueleze ilichosema. Akiweza, mwache, mkazanie hisabati. Asipoweza, hata swali la sayansi hataelewa linataka nini, na kurudia kutamsaidia. Ila ongea naye kwanza. Anayerudishwa kwa nguvu huishia kutoroka.

*Baba wa boda, Tororo: Mimi niliishia P4. Nitamsaidiaje?*
Akusomee robo saa kila jioni. Wewe uliza tu, "Halafu ikawaje?" Asipojua, arudie kusoma. Na hesabu za siku azifanye yeye: umeingiza ngapi, mafuta ngapi, ya tajiri mwenye pikipiki ngapi.

*Mwalimu, Arua: Nina watoto 110. Nitawapima mmoja mmoja saa ngapi?*
Kumi kwa siku, wenzao wakinakili. Siku kumi na moja umemaliza. Hesabu waandike wote pamoja. Kusoma tu ndiko hakuna njia ya mkato.

*Dada, Busia: Mdogo wangu alijifungua akiwa S2, mwaka wa pili wa sekondari. Anataka kurudi ila anaona aibu kukaa na wadogo zake.*
Dada, nenda kwa mwalimu mkuu wewe kwanza, kabla yeye hajavaa sare. Muulize kama ataruhusiwa kutoka saa nne kwenda kunyonyesha. Kwetu mmoja aliletewa mtoto na bibi yake chini ya mwembe, akanyonyesha, akarudi darasani na kipindi kikaendelea. Wiki ya kwanza walimchungulia dirishani. Ya pili walikuwa wanagombania kumbeba mtoto.